Mi napiga besi kanisani, na nina neno kuhusu hizi shoo tunazoziita ibada

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wale mnaopita humu ila salamu hiyo siyo yenu, mambo vipi, karibuni tu, leo naongea ya kanisani lakini hata wewe wa bongofleva utaelewa.

Grupu letu la wapiga vyombo hapa Dom, yani Dodoma, limewaka tena. Kaka mmoja karusha klipu ya bendi ya Marekani, jamaa wana nywele mpaka mgongoni, magitaa yanalia kama grinda ya fundi mageti, ila ukisikiliza maneno ni Yesu mwanzo mwisho, halafu chini akaandika "watumishi, hii ni ibada au burudani?" Basi. Kuna waliosema Mungu anaangalia moyo, kuna waliosema roki ni ya shetani na haina mjadala, kuna mmoja sijui alikuwa kajificha wapi miaka yote akaibuka na ile habari ya zamani ya kupiga kaseti kinyumenyume usikie ujumbe wa kuzimu, mpaka saa saba usiku watu wanatupiana mistari ya Biblia, admini akaona isiwe tabu akafunga grupu asubuhi. Mi sikuandika kitu mule, jibu langu ni refu, ndo hili.

Kwa kifupi naona swali lenyewe limekaa vibaya, maana linamtaka mtu achague kana kwamba burudani ni dhambi na ibada ni lazima ichoshe. Hapana bana. Mi nafurahia kupiga besi, nafurahia sana, siku dramu ikikaa sawa na mkono wangu nasikia raha mpaka kisigino, na sioni kwanini Mungu aliyeumba masikio achukie hilo. Kinachonikera ni kitu kingine kabisa, ni pale tamasha linapojiita ibada ili mtu asiruhusiwe kulikosoa, na pale ibada ya Jumapili inapogeuzwa tamasha halafu waumini wanagombezwa eti hawaabudu, wakati tumewakalisha kama watazamaji.

Ila kabla sijafika huko, tumalizane kwanza na hili la roki kuingia kanisani, coz watu wanaongea kama roki ilizaliwa kuzimu ikaja kubisha hodi. Sehemu ya mizizi ya roki iko kanisani. Kama humjui Sister Rosetta Tharpe nenda kamtafute Youtube sasa hivi halafu urudi. Mama mweusi, kazaliwa Arkansas mwaka 1915, mama yake alikuwa mwinjilisti, kakulia kanisa la kipentekoste la Church of God in Christ, na gitaa la umeme analicharaza kuliko wanaume wengi waliokuja kuitwa wafalme wa roki baadae. Little Richard akiwa kijana mdogo hajulikani, huyu mama ndo alimpandisha stejini. Sasa 1938 Rosetta akaenda kupiga Cotton Club kule New York, ukumbi wa starehe, watu wanakunywa, wachezaji wamevaa nusu, na yeye anaimba mambo ya Mungu yaleyale. Kanisani kwao wengi walichukia mno. Yani ugomvi wa grupu letu umeanza kabla babu yangu hajaoa, na ulianza kwa mlokole mwenye gitaa, siyo kwa mshenzi wa nje.

Baadae mwishoni mwa miaka ya 60 mahipi wa California, wale vijana wa nywele ndefu, wakaanza kuokoka kwa makundi, wanabatizwa baharini na nywele zao vilevile, kanisa la Calvary Chapel la mchungaji Chuck Smith likawapokea pamoja na magitaa yao. 1969 Larry Norman akatoa ile albamu ambayo wengi wanaihesabu ndo ya kwanza ya roki ya Kikristo, na maisha yake yakawa ya katikati, wa kanisani wanamuona wa dunia, wa dunia wanamuona mlokole aliyezidi. Miaka ya 80 wakaja Stryper, wale wa mistari ya njano na nyeusi, jina lao wanaliunganisha na Isaya 53:5, ile ya kwa kupigwa kwake sisi tumepona, wanapiga metali kabisa, ile roki nzito, halafu katikati ya shoo wanarusha Agano Jipya kwa watu, vitabu vinaruka hewani unadaka Injili ya Marko. Mhubiri Jimmy Swaggart akakasirika, 1987 akatoa kitabu kizima cha kuipinga roki ya kidini. Kinachonichekesha ni kwamba binamu yake wa damu alikuwa Jerry Lee Lewis, yule wa kupiga piano kwa kisigino. Wote wawili walikua pamoja Louisiana, wote walikuwa wanapiga piano, na ukisikiliza mikono yao inafanana kuliko wenyewe wangependa.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa kwetu roki yenyewe siyo nyingi, tuseme ukweli. Muziki wetu wa kanisani ni sebene, ni mapambio, ni kwaya, na siku hizi ni hizi nyimbo ndefu za kuabudu zenye kibodi la kulia. Ila kuna vijana wa chuo walijitokeza kwenye mkesha mmoja, wanne tu, wana gitaa la solo na lile boksi dogo la kukanyaga kwa mguu linaloharibu sauti kwa makusudi. Fundi mitambo wetu ni mzee wa siku nyingi, amefunga spika za mikutano ya injili tangu tukiwa watoto, hana masihara na kazi. Dogo alivyokanyaga lile boksi, gitaa likanguruma, mzee akashusha sauti palepale, akaacha mikisa, ile mashine ya kurekebisha sauti, akaja mbio mpaka stejini akaanza kushika nyaya.

"Dogo, gitaa lako linakwaruza, waya umekatika."

"Hapana mzee, ndo lenyewe."

"Lenyewe nini?"

"Ndo sauti yake, tumeiweka hivyo makusudi."

"Makusudi?" Mzee akamwangalia, akaangalia lile boksi, akaniangalia mimi kama mtu mzima mwenzie aliyebaki na akili. Mi nikamwambia mzee waache tu. Akarudi kwenye mikisa huku anatikisa kichwa, akapandisha sauti nusu, nusu nyingine akaibana kwa usalama wa spika zake.

Wale vijana waliimba Zaburi ya 13. Ile ya Ee Bwana hata lini, utanisahau hata milele. Na jamani, lile gitaa lililoharibika lilikaa pale. Daudi pale hasemi asante, pale analalamika, anamuuliza Mungu umenisahau? Sisi Zaburi kama hizo hatuziimbi kabisa, na tukiziimba tunaziwekea sebene, mtu anaimba utanisahau hata lini huku anayumbisha kiuno na kitambaa juu. Siku ile hakuna aliyecheza, hakuna aliyenyoosha mikono, nusu ya watu hawakujua wafanye nini na mikono yao, wakakaa wakasikiliza. Dada mmoja mbele yangu alikuwa kaweka kichwa kwenye kiti cha mbele mpaka wimbo ukaisha. Ukiniuliza mimi, kati ya vyote vilivyofanyika mkesha ule, hiyo ndo ilikuwa ibada kuliko zote, na ilikuwa watu wamekaa wanasikiliza bendi.

Kwahiyo ile hoja ya kwamba watu wakisikiliza tu basi ni burudani, na wakiimba wote basi ni ibada, mi siikubali kirahisi. Nimepiga Jumapili kanisa zima linaruka, vumbi linatoka kwenye zulia, na ukimkamata mtu mlangoni ukamuuliza tumeimba nini anakwambia daah tumeimba sana leo.

Nitoe siri za upande wetu sisi wa vyombo, wenzangu mtanisamehe. Hizi nyimbo za kuabudu zina namna zinavyojengwa. Ubeti wa kwanza kibodi peke yake na ile sauti ya chini inayotandaza, hakuna dramu. Kiitikio cha pili naingia mimi, noti ndefu, sichezi chezi. Halafu mpiga dramu anaanza kugonga tomu, ile ngoma kubwa ya chini, dum dum dum dum, polepole anapandisha, mwimbaji anarudia sentensi moja, mara nne, mara nane, sauti inakua, halafu tunakata wote kwa pamoja. Kimya. Mikono ya watu inapanda palepale. Kila Jumapili, ibada ya kwanza na ya pili, palepale, unaweza kuweka saa. Halafu tunarudi wote kwa kishindo na kama kiongozi wa sifa ana nguvu siku hiyo tunapandisha nusu ngazi, na hapo mpaka mashemasi wa mlangoni wanalia.

Sisemi ni uongo. Mungu anaweza kutumia tomu la dramu, ametumia punda wa Balaamu atashindwa tomu? Ila mi ninayesimama pale na kuangalia nyuso najua kwamba kitu kilekile kinafanya kazi hata kwenye ukumbi wa hoteli Ijumaa usiku, maana wapo wenzetu wanapiga sehemu zote mbili, vidole ni vilevile, na wateja wa kule nao wananyoosha mikono palepale. Muumini hajui hili. Anajua ameguswa, anaenda nyumbani anasema leo uwepo ulishuka, na Jumapili ambayo mpiga dramu anaumwa anasema leo ibada ilikuwa kavu. Hapo ndo penye shida, siyo kwenye kuguswa, ni pale anapojifunza kupima uwepo wa Mungu kwa afya ya mpiga dramu.

Augustino, yule askofu wa Hippo kule Afrika ya kaskazini, Algeria ya leo, alishayaona haya miaka kama 1,600 iliyopita. Kwenye Maungamo yake kaandika kwamba hajui asimame wapi, anakumbuka nyimbo za kanisa zilivyomliza alipokuwa ndo kwanza ameamini, na anaona bora ziendelee zisaidie wenye moyo dhaifu, lakini pia anasema ikitokea ameguswa na uimbaji kuliko kile kinachoimbwa basi anahesabu ametenda dhambi na heri asingemsikia mwimbaji. Na huyo hakuwa na spika hata moja! Kulikuwa na sauti za watu tu. Kwahiyo anayesema tukitoa magitaa tatizo limeisha, amuulize Augustino.

Wapo waliojaribu kuyatoa lakini. Kanisa la Soul Survivor, mji wa Watford Uingereza, miaka ya 90 mwishoni, mchungaji aliona watu wanakuja kusikiliza bendi, akaondoa bendi na mitambo yote kwa kipindi, watu wakabaki na sauti zao, mwanzo wakawa wanatazamana, kimya kizito, baadae wakaanza kuimba. Matt Redman aliyekuwa anaongoza uimbaji pale akaandika wimbo kutokana na kipindi kile, unaosema muziki ukishaondoka wote nabaki na kuja kwako tu. Sasa sikiliza kilichofuata, ule wimbo ukazunguka dunia nzima, na leo unapigwa na bendi kamili, taa za rangi, moshi, na lile tomu la chini dum dum dum. Mi mwenyewe nimeupiga hivyo. Najua ni mzuri, ndo tatizo lenyewe hilo.

Na upande wa pili pia kipo kinyume chake. U2 ni bendi ya roki ya kawaida, haijiiti ya injili, ila 1983 walifunga albamu yao kwa wimbo uliotoka Zaburi ya 40, na miaka mingi wakawa wanafungia nao shoo, wanatoka stejini mmoja mmoja, vyombo vinazimwa kimoja kimoja, na watu maelfu wanabaki wanaimba ule mstari wa hata lini huku wanaelekea getini. Watu wamelipa kiingilio, wengine wana bia mkononi, wanaimba Zaburi bila bendi. Hiyo uiiteje? Mi sijui niiiteje, ila najua kwetu kuna Jumapili hatufiki hapo.

Mfano. Kuna siku umeme ulikatika katikati ya wimbo, tena ndo tunapandisha. Dramu ikaendelea kidogo peke yake ikanyamaza. Kanisa limejaa, kiongozi wa sifa kashika maiki iliyokufa. Mnafikiri watu waliendelea kuimba? Walikaa. Simu zikatoka. Vijana wakaenda nyuma kuwasha jenereta. Mama mmoja wa umoja wa akina mama, mtu mzima, akaanzisha pambio kutokea kulekule alikokaa, akapata wenzie kama safu mbili, makofi yakaanza, MC akasimama mbele akanyoosha mkono, "mama yangu, tusubiri kidogo vijana wanaweka umeme sawa." Mama akanyamaza. Tukasubiri. Nilikuwa nimeshika besi isiyotoa sauti, nikatamani sakafu inimeze.

Hapo hakuna roki. Hakuna Marekani. Ni sisi.

Na sababu nyingine ni za kiufundi tu, hazihitaji maombi ya kufunga. Kii, yani ngazi ya sauti wimbo unapoanzia. Tunachukua wimbo kama ulivyo kwenye rekodi, mwimbaji ni wa sauti ya tenor mwenye koo la dhahabu, ubeti anaimba chini kabisa halafu kiitikio anaruka oktavu nzima juu, na sisi tunaupiga kii ileile ili ufanane na Youtube. Baba wa kawaida pale kwenye benchi sauti yake inaishia noti ya D ya juu hapo, akijitahidi sana E, akifika kiitikio hana pa kwenda, anafunga mdomo. Walimu wetu wa kwaya wa zamani walilijua hili, kabla ya kuanza mwalimu anatoa sauti ya kuanzia, anasikiliza watu wake, anasema leo do ni G, kesho akiona wameamka na mafua anasema do ni F. Sisi tunasema kii ya rekodi ni B basi ni B, asiyeweza amwangalie anayeweza. Halafu sauti yenyewe, spika zimefunguliwa mpaka muumini hajisikii hata yeye mwenyewe, na mtu asiyejisikia akiimba anaacha kuimba, hiyo siyo theolojia, jaribu tu.

Nirudi kwa wazee kidogo maana wao ndo wanaongoza kupinga magitaa, na nawaheshimu, ila ngoja niwakumbushe. Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927, wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Anglikana, wa Australia, askofu wa kwanza Chambers. Kazi walifanya, shule na hospitali tunaziona mpaka leo, Mvumi pale. Lakini ngoma ya Kigogo iliachwa nje ya mlango. Muheme, ngoma za mama zetu, ikaonekana mambo ya giza, zeze nalo hivyohivyo, mtu akiokoka anaacha na zeze lake, anapewa kitabu cha nyimbo. Waliokuwa wanasema muheme siyo ya Mungu walikuwa na hoja zilezile unazozisikia leo kuhusu gitaa la kukwaruza, inaamsha mwili, inatoka kwa wasioamini, vijana wataharibika. Halafu angalia dunia ilivyo na visa, Hukwe Zawose, Mgogo wetu, akachukua zeze na ilimba, ile marimba ya kupiga kwa vidole gumba, akazunguka nazo ulimwengu, akafika kurekodi kwenye lebo ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, miaka ya 90. Yani kile tulichoambiwa tukiache mlangoni, roki ikakipokea. Leo ukienda vijijini upande wa Chamwino utasikia ngoma ndani ya kanisa na hakuna anayeshtuka, na mzee yuleyule anayecheza kwa furaha pale ndo anayekuja mjini kutuambia dramu ni ya disko.

Hata Rose Muhando, alianzia hapahapa Dodoma, mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria, Anglikana Chimuli. Watu walivyomuona anavyocheza kuna waliosema huyu analeta dunia kanisani. Februari 2011 akasaini na Sony Music, na siku hizi nyimbo zake zinapigwa kwenye harusi za watoto wa haohao waliosema. Kwahiyo kwenye hili la mtindo naomba tupunguze makasiriko, tunachokataa leo wajukuu watakiita cha kizamani na kitakatifu.

Tatizo langu liko kwenye lebo. Nyie mnaokaa Dom mnajua uzinduzi wa albamu ya kwaya unavyokuwa, hasa kipindi cha Bunge. Mgeni rasmi mheshimiwa fulani, kaja amechelewa saa mbili, kwaya inasimama inaimba upya ile ya kumkaribisha, kuna meza za VIP zina maji na maua, kuna viti vya plastiki vya wengine, watu wanatoka kutunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mpiga solo, MC anatangaza mheshimiwa kaahidi milioni ngapi na vigelegele juu. Mi huwa naenjoi sana hizo siku. Ni sherehe, watu wamefanya kazi yao wanataka kula kwa jasho lao, wapewe. Lakini dakika mbili baadae MC huyohuyo anabadilisha sauti, anafumba macho, "sasa wapendwa tuingie kwenye uwepo wake", na asiyefumba macho anaonekana ana roho ngumu. Hapana mzee. Umenialika kwenye sherehe, niache nisherehekee. Sema tu ni sherehe ya Wakristo, Mungu hachukii sherehe, hata pale Kana alichangia kinywaji.

Na zile bango za Usiku wa Kuabudu zenye bei tatu. Kukodi mitambo ni hela, ukumbi ni hela, mwimbaji kutoka Dar analala hotelini na timu yake, sasa treni ya SGR imerahisisha safari lakini nauli bado ni hela. Weka kiingilio, sawa kabisa, ila andika tamasha. Mtu aliyelipa VIP ana haki ya kudai sauti nzuri na kiti chake, na anayeabudu hana cha kudai, sasa ukivichanganya unapata watu wanaodai waguswe kwa sababu wamelipa, na waimbaji wanaoogopa kuwakosa, wanaongeza tomu.

Halafu haohao waandaaji wanamlipa mgeni wa Dar, na mpiga kibodi wa hapahapa Nkuhungu aliyefanya mazoezi wiki nzima anaambiwa "mtumishi, Mungu atakulipa." Nimewahi kuambiwa hivyo nikarudi na bodaboda ya mkopo. Amosi sura ya 5 wengi mnaijua, Mungu anasema aondolewe kelele za nyimbo zao, hataki kusikia vinanda vyao, ila soma mstari unaofuata uone alikuwa anadai nini, ni haki, itiririke kama maji. Hakusema vinanda ni vya mtindo mbaya. Sijawahi kusikia mhubiri wa kupinga roki akifika kwenye mstari huo wa pili.

Sasa kwetu tumefanya nini, maana mtaniuliza. Siyo makubwa. Nyimbo za Jumapili tumezishusha kii, kiongozi wa sifa amenuna kidogo kwa sababu sauti yake inang'aa juu, ila kanisa linasikika. Fundi mitambo amekubali kupunguza spika za mbele, tena amefurahi, anasema miaka yote alikuwa anatuambia. Kila Jumapili kuna wimbo mmoja tunaweka vyombo chini kabisa, wa Tenzi za Rohoni au pambio, na anaanzisha yule mama. Amekataa maiki.

Na wale vijana wa boksi la kukwaruza wamepewa Jumamosi moja jioni baada ya Pasaka, ukumbi wa kanisa, bango limeandikwa "muziki wa roki wa vijana Wakristo", halina neno ibada popote, kiingilio kidogo cha kulipia mafuta ya jenereta na nauli zao. Baraza la wazee lilibishana mpaka giza likaingia, mzee mmoja akauliza watavaa nini, tukamwambia suruali, akasema basi. Mi nawapigia besi. Tunafanya Zaburi ya 13 na nyingine mbili za maombolezo na zingine za kurukaruka tu za furaha, na atakayetaka kukaa akae, atakayetaka kuruka aruke, hakuna MC wa kumwambia afumbe macho.

Tatizo lililobaki ni mpiga dramu, yule wao amepata kazi Mwanza. Kama upo Dom, unaweza kupiga taratibu bila kukimbiza, na hutaki kuitwa mtumishi badala ya kulipwa, niandikie hapo chini.